Jina la Mpiga Tarumbeta

Anayetaka kusema nilikuwa na homa siku ile aje Ruangwa aniambie usoni. Sikuwa na homa. Sikuwa nimelala, sikuwa nimekunywa kitu, na jua lilikuwa kali, saa ile kuku wanapojificha chini ya uchanja. Nimesoma mpaka kidato cha nne, najua tofauti ya ndoto na mtu aliyesimama uani kwako akakuomba maji. Aliyeumia ni mwanangu, kwa hiyo sina sababu ya kuipamba habari hii.

Nianze na mashabiki, maana bila wao hakuna ambacho kingetokea.

Zamani Nachingwea, wakati wa Wazungu waliokuja kulima karanga, palikuwa na klabu yao ya dansi. Walikuwa na santuri kutoka ng'ambo, za bendi za watu weusi wa Amerika, tarumbeta tatu nne zinalia pamoja na ngoma inakimbia chini yake. Muziki huo waliuita swingi. Jikoni hapo klabu alikuwapo kijana Mmakua kutoka Msumbiji, anaitwa Lorenso, kazi yake kuosha vyombo. Alizisikiliza santuri zile kupitia dirisha la jikoni mpaka zikamkaa mwilini. Karanga zilipowashinda, Wazungu wakafungasha, wakaacha vyuma vya matrekta vinaota kutu na tarumbeta moja iliyobonyea ubavuni. Lorenso akaichukua. Akakusanya vijana wenzake, wakaanzisha bendi yao wakaiita Karanga Jazz. Wanasema alipopiga, watu walitoka Chinongwe kwa miguu kuja kucheza, wakarudi kesho yake wanachechemea.

Mimi hayo sikuyaona. Nimeyasikia, na nimeyasikia mpaka yananitoka puani. Mume wangu, Benedikti, alilelewa na babu yake aliyekuwa akicheza dansi hilo. Benedikti alikuwa fundi baiskeli hapa Ruangwa, kijana kabisa, vijana wenzake walikuwa wanasikiliza muziki wa redioni kutoka Dar. Yeye, wapi! Jumamosi ikifika anadandia lori kwenda Nachingwea, na Jumapili baada ya misa anakaa na wazee kwenye baraza la Mzee Chinyama. Huyo Mzee Chinyama ndiye mkubwa wao. Ana gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, ana santuri za wale Wamarekani, zimekwaruzika lakini anazifuta kwa kitambaa kama mtu anayemwogesha mtoto.

Wanakuja wamevaa suti za zamani, suruali pana, viatu vimepigwa rangi. Karanga Jazz haikuwahi kurekodi hata wimbo mmoja, kwa hiyo wanawasikiliza Wamarekani, na tarumbeta ikifika mahali pa juu wanatikisa vichwa.

"Huyu anajua," mmoja anasema.

"Anajua, lakini Lorenso angemtoa kamasi!"

Nilimwuliza Mzee Chinyama siku moja, mnasikiliza nini kila wiki kitu kilekile? Akaniangalia viatu, akaniangalia kichwa. "Mkwe, swingi haisikilizwi. Inavaliwa. Wewe bado uko uchi."

Wakacheka wote. Na mimi nilicheka, nisiseme uongo. Walikuwa wazee wazuri.

Lakini Lorenso mwenyewe alikuwa bado hai wakati huo. Nilimwona mara moja, kabla sijaolewa. Mzee mrefu, hana jino hata moja, analinda ghala la mtu kwa chakula cha jioni. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, watu wake wote walibaki ng'ambo ya Ruvuma na vita vikawatawanya. Mdomoni alikuwa na alama ya duara, kama mtu aliyegongwa muhuri, ndipo tarumbeta ilipokaa miaka yote. Siku hiyo wazee walimkalisha barazani kwenye kiti kizuri. Halafu wakampa tarumbeta.

"Mzee, kidogo tu."

"Wanangu, nimechoka."

Wakapiga makofi! Mtu anasema amechoka, wanampigia makofi. Akaiweka mdomoni. Mtu asiye na meno anapulizaje tarumbeta? Ilitoka hewa, fyuu, kama tairi la baiskeli. Wazee wakalia kwa furaha. Mimi nilitazama shati lake lilivyomlegea mabegani nikajiuliza, hivi katika hawa wanaompenda kuna aliyempelekea unga wiki hii? Sikuuliza kwa sauti. Nilikuwa mchumba, ningeuliza nini?

Alikufa nikiwa na mimba, mwaka ule wa mvua zilizobeba madaraja. Wakamzika Nachingwea, makaburi ya misheni. Benedikti akasimama na udongo mkononi, mbele ya watu wote, akasema, "Huyu aliye tumboni kwa mke wangu, akiwa wa kiume, ni Lorenso." Wakapiga makofi kaburini. Nani amewahi kusikia makofi kaburini?

Sasa nieleze kitu kimoja, kwa wasiotoka huku kwetu. Jina la marehemu haliokotwi kama korosho chini ya mti. Ukitaka kumpa mwanao, wenye marehemu wanakuja. Wanaleta unga wa mtama, wanaumwaga chini ya mti wa kutambikia au kaburini, wanamwambia mtu wao, "Jina lako tumempa huyu. Mtazame kwa mbali. Wewe pumzika." Hapo mtoto na marehemu wanakuwa masomo, wanaitana somo, na kila mmoja anakaa upande wake. Wakristo tunafanya, Waislamu wanafanya, padri anajua na ananyamaza.

Mama mkwe alikuja kumwona mjukuu, akauliza swali moja tu. "Unga kaleta nani?"

Benedikti akacheka. "Mama, Lorenso ni wa watu wote. Ukoo wake ni sisi mashabiki."

"Shabiki hana mkono wa kumwaga unga."

"Mama, mambo ya kizamani hayo."

Mambo ya kizamani! Mtu anayesafiri juu ya magunia kwenda kusikiliza santuri za zamani kuliko baba yake, ndiye anasema mambo ya kizamani. Mtoto akabatizwa Lorenso. Katekista akafurahi, jina la mtakatifu. Na mimi, kama desturi, jina langu likafa, nikawa Mama Lorenso. Mama Lorenso hodi, Mama Lorenso niazime ungo, Mama Lorenso umesikia? Kutwa nzima.

Mtoto alikua vizuri. Alianza kusema mapema. "Mama" alisema kabla hajasimama. Baadaye maji, kuku, toka, nipe. "Toka" aliipenda sana, alimfukuza nayo kila mtu, mpaka padri. Naomba uikumbuke sauti hiyo, maana hakuna mwingine anayeikumbuka isipokuwa mimi.

Siku yenyewe nilikuwa uani nakata mihogo ya kuanika. Benedikti yuko kazini. Mtoto alikuwa ndani anacheza na kifuniko cha sufuria, ana miaka miwili na kitu. Ubwabwa ulikuwa umepoa. Nikaita bila kugeuka.

"Lorenso! Njoo ule!"

"Naam," akaitika mtu mzima nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa amesimama kati ya uchanja na jiko, mrefu, suti ya kijivu, suruali pana imepigwa pasi mpaka ina makali. Meno yote mdomoni. Na ile duara kwenye midomo. Nilimjua palepale, ila akili ilikataa, ikawa inanitafutia majina ya watu wengine. Labda ndugu yake. Labda wale wazee wamemtuma mtu kunitania.

"Umeita," akasema. "Nimekuja."

"Namwita mwanangu."

"Najua. Lakini ninayeamka ni mimi." Alizungumza taratibu, Kiswahili chake cha ng'ambo ya mto. "Unaita ale, naitika. Unaita aoge, naitika. Jirani akikuita wewe mama yake, naitika. Nikilala, naitwa. Nikilala, naitwa. Ntu akifa, asilale?"

Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali, ningepiga kelele. Alisema kama mtu aliyekuja kulalamika kwamba mbuzi wako wanaingia shambani kwake.

Nikamwuliza, "Unataka nini, baba?"

"Nani alinileta kwenu? Nani alinimwagia unga?"

Nikamwambia unga upo ndani, ngoja, namwaga mimi mwenyewe sasa hivi.

"Wewe ukoo wangu?"

"Hapana."

"Basi, binti."

Akaomba maji. Nikampa kata, mkono wangu huuhuu. Hakunywa. Alisukutua, akatema pembeni, akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono, na mimi, mke wa shabiki, nikajua ile ni desturi ya nani. Ndivyo afanyavyo mpiga tarumbeta kabla hajapiga.

Mtoto akatoka ndani analia, amejikwaa kizingitini. Alipita mbele yangu. Akanyoosha mikono kwa yule mtu.

Utaniuliza kwa nini sikumkamata. Nami najiuliza. Nilikuwa na kisu mkono mmoja na muhogo mkono mwingine, na vidole havikuachia. Miguu haikusogea. Nilitaka kusema "toka," neno la mwanangu mwenyewe, ulimi ukalala. Nisadiki, hakuna kitu kibaya kama kutazama kwa macho yako mawili na mwili wako ukakugomea.

Alichuchumaa. Akamtazama mtoto muda mrefu, kwa huruma, naapa kulikuwa na huruma. "Sina pa kukaa, somo," akamwambia. "Nitakaa hapa." Akampulizia usoni, polepole, kama unavyompulizia mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni.

Kilio kikakatika. Hakikupungua kwanza, kilikatika. Yule mtu akainuka, akapita katikati ya kuku, na kuku hawakumpisha. Akaifuata njia. Hapo ndipo muhogo ukaniponyoka.

Tangu siku hiyo mwanangu hajasema neno. Tulimpeleka hospitali, daktari akamtazama koo, masikio, ulimi, akasema kila kitu kizima, tusubiri. Tukasubiri. Jioni moja tunakula, mtoto akakaza midomo, na ikatoka tarumbeta. Mtoto wa miaka miwili! Siyo ule mchezo wa watoto wa pee-pee. Wimbo mzima, unapanda, unateremka, unayumba kama mtu mwenye raha zake.

Unadhani Benedikti alifanya nini? Alipiga magoti. Machozi yanamtoka, anasema, "Ni yeye, Mama Lorenso, ni yeye!" Nilimpiga kwa mwiko. Nilimpiga mpaka mwiko ukavunjika, na yeye bado anasikiliza.

Jumapili iliyofuata walifika. Lori zima la suti. Wengine walitoka Nandagala kwa baiskeli, wengine Matambarale, wazee ambao hata sijui magoti waliazima wapi. Walijaa uani kwangu. Mtoto akapiga. Mwishoni akashika sauti moja ya juu akaivuta, ikavutika, ikavutika, mpaka mama mmoja akajishika kifua. Mzee Chinyama akakaa chini kwenye vumbi na suti yake.

"Hiyo haimo kwenye santuri yoyote," akasema. "Hiyo aliipiga Lorenso mwisho wa dansi, tukienda nyumbani. Haijui ntu asiyekuwapo."

"Rudia, Lorenso! Rudia!"

Wakamtunza, noti juu ya paji la uso kama mwanamuziki kamili. Yeye anatabasamu? Hapana. Alinitazama mimi, jasho linamtiririka, midomo imevimba. Nikamnyakua nikamfungia ndani.

Halafu nikatoka nikawaambia. Nikawaeleza nilichokiona, chote, na sikuchagua maneno. "Mlisema nyinyi ndio ukoo wake. Haya. Kazi ya ukoo iko pale Nachingwea, kaburini. Njooni mmwage unga, mrudishe jina, mmwambie mtu wenu apumzike. Au ukoo wenu ni wa kucheza tu?"

Waliinamisha vichwa. Waliona haya, na walikubali. Mzee Chinyama aliniambia, "Una haki, mkwe. Tulimchosha akiwa hai." Nikaamini tumepona.

Tulikwenda. Mama mkwe alisaga mtama kwa mkono wake. Ilikuwa asubuhi, umande bado kwenye majani ya kaburi. Nilimbeba mwanangu mgongoni kwa kanga, mkubwa vile, nilimfunga kabisa. Mama mkwe akawapanga wazee, akawafundisha maneno kama watoto wa mafundisho: "Lorenso, jina lako tunalirudisha. Pumzika." Kila mmoja unga kiganjani. Maneno yenyewe hata kasuku angeyashika.

Mzee Chinyama akatangulia. Na hapo nikamwona tena, upande wa pili wa kaburi, suti ileile, mikono inaning'inia. Wengine hawakumwona. Alikuwa anamtazama Chinyama mdomoni, kama mtu mwenye njaa anavyomtazama mpakuaji.

"Lorenso," Mzee Chinyama akasema.

Mgongoni kwangu mtoto akaanza. Taratibu, chini chini, ule wimbo.

"Lorenso," akarudia mzee. Sema, nikasema moyoni. Sema pumzika, we mzee, neno moja. Nilimwona anameza mate. Nilimwona anapigana, nisimnyime haki yake. Halafu uso wake ukalegea, ukawa uso wa kijana.

"Lorenso... mara moja tu. Kidogo tu."

Unga ukamwagika kwenye viatu vyake. Mguu ukaanza kupiga chini. Wa pili akaja, naye akasema kidogo tu. Wa tatu hakusema kitu, alimshika mwenzake kiuno. Wakacheza, unanisikia? Wakacheza dansi juu ya makaburi ya misheni, suti zimejaa unga, na Benedikti wangu katikati, anawapigia makofi ya kufuata mwendo. Mama mkwe alikaa chini akajifunika kanga usoni.

Yule marehemu akanitazama. Nilimwelewa. Tulikuwa wawili tu mahali pale tuliotaka kwenda nyumbani. Akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono, akalizunguka kaburi, akaja nyuma yangu, na mzigo wangu mgongoni ukazidi uzito.

Sasa mtoto yuko darasa la kwanza. Ana akili, anaandika vizuri kuliko wenzake, lakini sauti hana. Benedikti amehamia Nachingwea kwa babu yake, na mimi sikumfuata. Mwalimu nimemwomba amwite kwa jina la babu, anafanya hivyo, Mungu ambariki. Majirani wananiita jina langu la shule, na anayejisahau akaniita Mama Lorenso simwitikii hata nyumba ikiwaka moto. Mwenyewe simwiti mwanangu kwa jina. Akitakiwa kula nagonga kifuniko cha sufuria mara moja, anakuja. Hivyo ndivyo ninavyoishi na mtoto niliyemzaa, kama mtu anayefuga kondoo.

Na inasaidia, ndiyo maana inaniua. Kimya kikikaa wiki nzima, anaanza kuchangamka. Ijumaa iliyopita alinishika gauni, akafungua mdomo, ikatoka hewa, halafu ikatoka "ma." Sikusogea. Sikupumua. Alikuwa anaitafuta ya pili.

Jumapili mchana tulikuwa tunakula ugali na kisamvu. Huko Nachingwea, nadhani, gramafoni ilikuwa imezungushwa, na mtu mmoja aliyejaa mapenzi akaita jina. Mwanangu akaweka tonge chini. Akasimama wima, kichwa amekiinamisha upande kama anayeitwa kutoka mbali, midomo ikakaza.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una mtu wako aliyekufa ambaye uliupenda wimbo wake, upende. Cheza mpaka viatu vitoboke. Ila usimpe mwanao jina la mtu ambaye hujui nani atamwambia alale, na ukipita Ruangwa ukamwona mtoto mwembamba amekaa kizingitini, mpite. Usimwite. Usimwambie arudie.